Chombo Kimepaki Tukuyu, Mwanangu

Oya, kama bado unatamba kitaa kwamba umemfunga mtu saba bila kwenye FIFA, kausha kwanza. Huo utoto. Mimi wiki iliyopita nimetoka Tukuyu nikazunguka Dunia nzima kwa dakika tisini. Nimevaa ndala. Mvua inapiga bati, mbalaga inapoa mezani, mimi niko juu ya Pasifiki nakula upepo ambao haupo.

Ni simuleta ya kurusha vyombo vya angani, inaitwa Orbiter. Mchizi mmoja wa University College London, Martin Schweiger, ndiye aliyeiunda, akaiachia mwaka 2000. Bei? Bure, mwanangu. Sifuri. Mwaka 2021 hata msimbo wake akauweka wazi, anayetaka kuchokonoa achokonoe. Hakuna adui wa kupiga risasi, hakuna nyota tatu za kukwambia umeshinda. Ni wewe na Newton, na Newton hapokei rushwa.

Najua masela wa Mbeya mjini watakuja na Kerbal Space Program. Sawa, gemu tamu, vile vijitu vya kijani vinachekesha kinoma. Lakini unalipia, halafu sayari yenyewe ya kitoto: kutoka katikati hadi juu ni kilomita 600. Dunia yetu ni 6,371. Kule ukigonga kama kilomita 2.3 kwa sekunde umeshaingia obiti. Huku wanataka karibu 7.8. Kujimwambafai na obiti ya Kerbal ni sawa na kupanda ngazi za sokoni ukatangaza umemaliza Mlima Rungwe.

Tuongee mkwanja. Laptopu yangu ni mtumba, laki tatu na nusu, betri yake pambo tu. Kimeo kikubwa hakikuwa betri lakini. Laptopu ndogo hazina zile namba za upande wa kulia, na Orbiter inaendeshwa na namba hizo hizo. Jumlisha ni injini kuu. Sifuri ni injini za kukuinua wima. Tano inakutuliza ukianza kuzunguka kama pia. Nikaenda kuchukua kibodi ya USB, buku kumi na tano. Nafika geto, namba tano imekufa. Yaani kati ya vitufe mia na ushee, kimekufa kile kinachozuia kutapika. Nilizunguka juu ya Bahari ya Hindi kama nguo kwenye mashine hadi nikakata tamaa nikalala.

Na ukisikia mtu anasema bila joystiki hurushi kitu, jua anauza joystiki.

Picha zile kali za sayari ni makumi ya gigabaiti. Hilo ni bando la ukoo mzima pamoja na wakwe. Nikapita kimya. Kwangu mimi Rungwe ni bonge la kijani, kama mtu kamwaga mchicha. Fresh tu.

Mshua akachungulia mlangoni. "Hiyo ndege inabeba parachichi?" Nikamwambia hapana. Akaondoka. Kwake yeye kitu chochote chenye injini kisichobeba parachichi ni uhuni.

Sasa njoo nikuoneshe ujanja. Gemu linakuanzishia Florida, kama vile watu wote tumezaliwa Florida. Achana nao. Fungua faili ya senario kwa Notepad, tafuta mstari wa POS, futa namba zao, andika za Tukuyu: 33.65 -9.25. Sevu. Washa. Mwana, chombo chako, Delta-glider, kimepaki Tukuyu! Hakuna uwanja wa ndege, hakuna mlinzi, hakuna ushuru. Unabonyeza sifuri, kinanyanyuka wima juu ya migomba.

Na kuna ofa hapa watu hawaijui. Dunia ikizunguka inakusukuma mashariki bure. Florida wanapata kama mita 409 kwa sekunde. Tukuyu, sababu tuko karibu na ikweta, tunapata 459. Mita hamsini za nyongeza, na hujapanga foleni popote.

Waitaliano walilijua hilo zamani. Walijenga jukwaa la San Marco baharini, maeneo ya Malindi, wakawa wanarusha roketi za Scout kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa kuwa Wakenya siku hiyo walikuwa wanasherehekea uhuru, ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili lilifika angani kabla mshua hajanunua redio. Na sisi Bongo tusijifanye wageni: Zanzibar kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha mradi wa Mercury, na mwanaanga wao John Glenn alipozunguka Dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kilikuwa kwenye njia yake. Kuna wazee waliapa pale pamefichwa makombora. Zilikuwa antena, babu. Mapinduzi yakaja 1964, kituo kikafungwa.

Turudi geto. Mara ya kwanza nilifanya kama kila mshamba: pua juu, moto, kilomita mia tatu kwenda juu. Nikashangilia. Kisha nikashuka kilomita zile zile mia tatu, kama parachichi lililoiva. Kumbe kupanda ni kazi ndogo. Kazi ni kwenda pembeni kwa kasi hadi kila ukianguka, Dunia inakukwepa.

Mara ya pili nikalala mashariki, nikaingia obiti safi. Nikapiga picha ya skrini, nikaweka stetasi. Ndipo nikagundua nimedhalilika. Nilitaka kukifikia Kituo cha Kimataifa cha Anga, na njia yake imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, mimi yangu tisa. Kugeuza njia ukiwa huko juu kunakula kama kilomita 5.5 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya safari nyingine ya kutoka chini. Ilitakiwa nisubiri njia yake ipite juu ya Tukuyu, halafu nielekee kaskazini mashariki, kama nyuzi 39. Stetasi nikaifuta. Watu saba walikuwa wameshaiona.

Ya tatu nikaingia njia sahihi. Kituo kiko mbele yangu kilomita mia mbili. Mimi mtoto wa barabara ya Kiwira, nimekulia nyuma ya bodaboda, aliye mbele unamfukuzia. Nikakanyaga. Nikapanda juu. Nikaachwa. Nikakanyaga tena, nikaachwa zaidi. Siri yake inaumiza kichwa: ukitaka kumpata aliye mbele, unafunga breki. Ukipunguza, unashuka kwenye duara dogo, unamaliza mzunguko mapema, unamkuta. Jaribu kumweleza hilo dereva wa Noah wa Tukuyu, atakushusha Katumba kwenye mvua.

Usiku wa kwanza nimebakiza mita hamsini, umeme ukakata. Geto giza, kituo hakipo, mimi sipo. Tangu siku hiyo kidole changu kinaishi kwenye Ctrl na S.

Juzi sasa. Mita kumi. Tano. Naenda sentimita ishirini kwa sekunde, jasho linanitoka, na Tukuyu hiyo jinsi ilivyo na baridi. Imenasa! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye kenchi. Nikamuita mshua aje aone.

Akaja na blanketi lake. Akatazama. Akabonyeza T mara tatu, "kuona inafanyaje." Mwanangu, T ndiyo inayokimbiza muda. Mara elfu moja. Jua likawa linachomoza na kuzama kama indiketa. Mimi nacheka, siwezi hata kumzuia. Dakika nne baadaye nikapunguza, angani zimepita karibu siku tatu.

Mshua kanyamaza, anakitazama kile chombo.

"Sasa siku zote hizo wamekula nini?"

"Parachichi, mzee."

Akavuta kiti, akakaa.