Mvua haikutunyang'anya kombe, tulikosa karatasi moja

Wandugu wasomi, leo naomba tuongee mpira kidogo. Na mvua. Na kitu kimoja ambacho sisi wenye diploma tungepaswa kukifanya mapema, tukakiacha.

Mwezi wa kumi uliopita nilikuwa Mbau, kwenye fainali ya mashindano ya vijana. Ekipe yetu ilikuwa mbele, bao moja kwa sifuri. Dakika ya 63 mawingu meusi yakatokea upande wa pori, upepo ukapiga, na mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Nusu ya mashabiki wakatoka mbio. Hawakuwa wanakimbia kujificha, walikimbilia kufunika kakao waliyoianika kwenye maturubai tangu asubuhi. Sisi tuliobaki tukajibana chini ya mabati ya duka.

Mwamuzi akangoja. Akaingia kiwanjani na mpira mkononi, akauachilia: ukaanguka paa! kwenye maji, ukabaki pale pale. Saa kumi na moja ilipokaribia, kapteni wa wageni akamfuata. "Papa arbitre, sisi tuko na njia ya kurudia. Giza ikitupatia kule barabarani, nani atatuchunga?" Kila mtu anayeijua barabara yetu alimwelewa. Wakapanda pikipiki, wakaenda.

Hapo ndipo vita vya midomo vikaanza. Sisi: "Kombe ni yetu, tulikuwa mbele!" Wao, kwa simu siku iliyofuata: "Mechi haikuisha, turudilie kutoka sifuri." Watayarishaji wakanyamaza, kwa sababu hawakuwa na la kusema. Hadi leo kombe liko nyumbani kwa mtunza hazina, na vijana waliokuwa wanacheka pamoja sokoni sasa wanapitana kimya.

Nilikasirika sana, nami nilikuwa kati ya waliopiga kelele. Lakini baadaye nikajiuliza: hasira yetu ilikuwa juu ya nini hasa? Mvua si mtu wa kugombana naye.

Tuanze na mvua yenyewe. Hapa hatuko mbali na Ikweta. Jua linapasha ardhi moto tangu asubuhi, unyevunyevu wa pori unapanda juu, unapoa, unakuwa mawingu, na mchana unaposonga mzigo unamwagika. Ndiyo maana katika misimu yetu miwili mikubwa, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Agosti hadi Novemba, dhoruba nyingi hutupata alasiri. Na sisi fainali tunaipanga saa ngapi? Saa tisa na nusu! Sababu inaeleweka: asubuhi watu wako shambani, na Jumapili wako kanisani. Lakini tusijifanye tunashangaa. Tulimpa mvua miadi, naye akaja kwa saa yake.

Sheria za mpira zinasema nini? Mwamuzi ana haki ya kusimamisha mechi au kuivunja kabisa. Mechi iliyovunjwa inarudiwa, isipokuwa kama kanuni za mashindano au watayarishaji wameamua vingine. Shika vizuri hilo neno "isipokuwa". Sheria kubwa ya dunia inakuachia wewe, kamati ya kijiji, nafasi ya kuandika lako. Usipoliandika mapema, utalitafuta katikati ya kelele. Na usidhani ni shida ya maskini peke yao. Tarehe 16 Oktoba 2012, huko Warsaw, Poland ilikuwa icheze na Uingereza katika kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa na paa la kufungwa, lakini liliachwa wazi, mvua ikaujaza maji. Mechi ikachezwa kesho yake, ikaisha 1-1. Wao waliweza kungoja kesho. Wageni wetu hawakuweza.

Sasa nawapeleka kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuujui: kriketi. Nimeuchagua kwa sababu hakuna mchezo uliogombana na mvua kuliko huu. Aina yake ya heshima zaidi inaitwa Test, na mechi moja inaweza kuchukua siku tano. Siku zikiisha kabla ya kazi kuisha, ni sare, hata kama upande mmoja ulikuwa umebakiza kidogo tu kushinda.

Julai 2023 Uingereza na Australia walikutana Manchester, mechi ya nne kati ya tano za kombe lao la zamani, Ashes. Australia walikuwa mbele kwa mechi mbili kwa moja. Katika mechi hiyo Waingereza waliwaacha mbali: mbio 592 dhidi ya 317 katika zamu ya kwanza. Halafu siku ya tano mvua ikanyesha, haukurushwa hata mpira mmoja. Sare. Kwa kuwa Australia ndio walikuwa wenye kombe tangu awali, sare ilitosha kuwaachia. Fikiria yule shabiki aliyekata tiketi, akakaa na mwavuli kutwa nzima akiangalia nyasi zilizofunikwa.

Lakini miaka miwili nyuma yake, Juni 2021, kule Southampton, India na New Zealand walicheza fainali ya dunia ya Test. Siku ya kwanza yote ilikwenda na mvua, na ya nne vilevile. Hapo watayarishaji walikuwa wameweka siku ya sita ya akiba, imeandikwa kabla mpira haujarushwa. Ikatumika, na New Zealand wakashinda siku hiyo ya sita. Mawingu ni yale yale ya Uingereza. Kilichobadilika ni karatasi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa majirani zetu Wakenya. Aprili 1997 walicheza na Bangladesh fainali ya ICC Trophy, Kuala Lumpur, Malaysia. Hii ilikuwa kriketi fupi: kila upande unapata overi 50, na overi moja ni mipira sita. Kenya wakapata mbio 241. Steve Tikolo peke yake alipiga 147. Halafu mvua. Kesho yake, muda uliobaki uliwatosha Bangladesh overi 25 tu. Je, wahitaji mbio ngapi?

Wewe na mimi tungesema: nusu ya overi, nusu ya mbio, basi 121. Kumbe hapana. Waliambiwa 166. Kwa nini? Kwa sababu ya hesabu ya wanatakwimu wawili Waingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, iliyotumika mara ya kwanza Januari ya mwaka ule ule wa 1997. Wanasema timu ina mali mbili: mipira iliyobaki, na wapigaji ambao hawajatolewa. Ni kama kwenda Butembo kwa pikipiki: kuna saa ulizo nazo, na kuna mafuta kwenye tangi. Wakikukatia saa nusu lakini tangi bado limejaa, utakanyaga gesi, hutakwenda pole pole. Bangladesh walipunguziwa mipira, lakini wapigaji wao wote walikuwa bado wazima, kwa hiyo waliweza kujirusha bila kuogopa. Haki ilikuwa kuwadai zaidi ya nusu.

Mechi ikafika mpira wa mwisho kabisa, mbio moja ikihitajika. Bangladesh wakaipata. Miaka mitatu baadaye Bangladesh wakakubaliwa kucheza Test. Kenya, hata baada ya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, hawajawahi kuicheza. Siwezi kusema ni mvua ile peke yake. Lakini naelewa Mkenya anayeikumbuka kwa uchungu. Tofauti yake na sisi ni moja: yeye aliumia, ila alijua ni nani ameshinda na kwa hesabu gani. Mwaka huu hakuna mtu wa Mbau anayejua.

Ndiyo maana nasema: shabiki anaweza kumeza kushindwa. Kile kisichomezeka ni kanuni inayotungwa baada ya mvua, wakati kila mtu anajua tayari itamsaidia nani. Hapo hata uamuzi mzuri unanuka upendeleo. Na kwetu, ambako vijana wamechoka na mambo yanayoamuliwa gizani, ugomvi mdogo wa mpira si mdogo.

Karatasi yenyewe ni mistari minne. Tutangoja dakika ngapi? Mechi ikivunjika, tunaendelea kutoka dakika ile na mabao yale, au kutoka sifuri? Siku ya akiba ni ipi, na saa ngapi, ili wageni wafike kwao jua likiwaka? Na kama hata hiyo imeshindikana, kombe linakwenda wapi? Makapteni wawili wanatia saini kabla ya filimbi, basi.

Mimi nimependekeza kwa kamati tumalizie dakika 27 zilizobaki, siku ya posho saa mbili asubuhi, tukianzia 1-0. Wageni wamekubali. Wanaokataa, mtashangaa, ni wa upande wangu. "Wewe uko na nani?" wananiuliza. Bado naongea nao mmoja mmoja, na karatasi iko mfukoni.