Shikuku: Mbunge aliyebebwa na polisi bungeni kwa kusema chama kimekufa

SIKU hizi mbunge akipinga serikali mara mbili mfululizo tunamkata klipu, tunamsambaza WhatsApp na kumwita shujaa. Wiki tatu baadaye unamwona Ikulu akicheka, kikombe cha chai mkononi, akisema ameenda kutafuta maendeleo ya watu wake. Tumezoea. Hatushtuki tena.

Ndiyo maana stori ya Joseph Martin Shikuku, aliyekuwa mbunge wa Butere, bado ina uzito. Wazee wetu wanamjua kama mlinzi wa wananchi, jina ambalo yeye mwenyewe alilipenda sana. Sisi tuliozaliwa baada ya enzi zake tunalisikia tu kwenye mazungumzo ya wazee.

Shikuku aliingia siasa akiwa kijana. Alikuwa katika chama cha KADU, na alikuwa mmoja wa wajumbe walioenda Lancaster House, London, kujadili katiba ya uhuru. Mwaka 1963 akachaguliwa mbunge wa Butere. Mwaka uliofuata KADU ikavunjwa na wabunge wake wakajiunga na KANU. Kenya ikabaki bila upinzani rasmi. Hapo wengi walikaa kimya wakala mema ya nchi. Shikuku akageuka upinzani wa mtu mmoja ndani ya chama tawala. Hata alipopewa wadhifa wa waziri msaidizi, mdomo haukufungwa.

Silaha yake ilikuwa nini? Wala haikuwa maandamano. Ilikuwa hoja ya nidhamu. Jamaa alizijua kanuni za Bunge kama wewe unavyojua njia ya kwenda kwenu. Waziri akijibu swali kwa kuzungukazunguka, Shikuku yuko wima. Nani alipewa shamba lile? Pesa zilienda wapi? Thibitisha!

Kisha ukaja mwaka 1975, mwaka mbaya. Mwezi Machi, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa na mwili wake kupatikana Ngong. Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilipoletwa, mawaziri waliothubutu kupiga kura ya kuiunga mkono walifutwa kazi, akiwemo Masinde Muliro. Hivyo kila mtu pale ndani alijua hali ilivyo.

Oktoba mwaka huohuo, akichangia mjadala, Shikuku alidokeza kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge jinsi walivyoiua KANU. Wabunge wa upande wa serikali wakawaka. Wakataka athibitishe kwamba KANU imekufa. Aliyekuwa kwenye kiti ni Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na mwanasheria. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwachukua wote wawili. Hakukuwa na kesi wala mashtaka. Wakawekwa kizuizini.

Tulia kidogo hapo. Kinga ya mbunge ipo ili aseme neno ndani ya ukumbi bila kuogopa kushikwa. Lile jengo ambalo vijana waliingia tarehe 25 Juni 2024 wakilalamika kwamba wabunge hawawasikii, miaka 49 kabla ya hapo polisi waliingia kumtoa mbunge aliyesikia na kusema. Mimi nadhani tangu siku ile wabunge wengi walijifunza somo, na si somo zuri. George Anyona naye alikamatwa 1977. Chelagat Mutai, aliyeingia bungeni 1974 akiwa bado katika miaka yake ya ishirini, alikuwa ameshafungwa jela.

Shikuku na Seroney walikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu. Waliachiliwa Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki na Moi kuingia. Uchaguzi wa 1979 ukafika. Watu wa Butere wakamrudisha Shikuku bungeni. Seroney alishindwa Tinderet na kijana mmoja, Henry Kosgey. Mbili zile ni bei tofauti kwa neno lilelile, na ya Seroney huwa hatuizungumzii.

Kiti cha Butere kilimponyoka mwaka 1988, ule mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, ambapo mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea wake mchana kweupe. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa sita walioanzisha FORD pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Muliro, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikarudi.

Tusimpake mafuta tu, lakini. FORD ilipasuka kabla ya kura ya 1992, na Shikuku alikuwa ndani ya mpasuko huo. Alienda na Kenneth Matiba katika FORD-Asili, Jaramogi akabaki na FORD-Kenya. Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Baadaye Shikuku na Matiba nao wakakosana. Mtu aliyezoea kusimama peke yake hakuwa mwepesi wa kukaa na wengine mezani.

Butere ilimrudisha bungeni 1992. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya FORD-Asili akapata chini ya asilimia moja, na kiti cha Butere kikaenda pia. Ukijumlisha vipindi vyake vyote, alikaa bungeni kama miaka 26. Alifariki Agosti 2012.

Ukitaka kumsikia mwenyewe, hansadi nyingi za miaka ile ziko Google Books, bure. Tafuta jina lake, fungua ukurasa wowote wa miaka ya sabini, kisha uhesabu ni mara ngapi anaamka kwa hoja ya nidhamu. Mimi nilianza saa tatu usiku nikidhani nitasoma dakika kumi. Simu ilizima chaji kabla sijamaliza mwaka 1974.