Kicheza muziki kinapokosa kuiona seva nyumbani

WAMILIKI wa Squeezebox, kifaa kinachocheza nyimbo zilizohifadhiwa kwenye tarakilishi, hukumbwa na tatizo moja mara kwa mara: kifaa kinawaka vyema, lakini hakiioni seva.

Kampuni ya Logitech iliacha kuunda vifaa hivyo mnamo 2012, na huduma yake ya mtandaoni ikafungwa 2024. Hata hivyo, programu ya seva, ambayo sasa huitwa Lyrion Music Server, ingali inaendelezwa na watu wanaojitolea, na haihitaji intaneti kucheza nyimbo zilizomo nyumbani. Kumlaumu anayeuza intaneti basi ni kumwonea bure.

Kwanza zitazamwe anwani. Ikiwa tarakilishi ina 192.168.1.5 ilhali kifaa kimepewa 192.168.0.7, kwa kawaida viwili hivyo vimo katika mitandao tofauti. Mara nyingi chanzo huwa ni nyumba kuwa na ruta mbili, kila moja ikigawa anwani zake. Ruta ya pili igeuzwe kuwa daraja tu. Anwani inayoanza kwa 169.254 nayo huonyesha kwamba kifaa hakikupewa anwani yoyote na ruta.

Anwani zikiwa sawa, mshukiwa ni programu ya ulinzi ya tarakilishi, ambayo huenda imeziba milango nambari 3483 na 9000 inayotumiwa na seva. Kuizima kwa dakika chache huthibitisha hilo. Kuiacha imezimwa ni uzembe. Milango hiyo ifunguliwe kwa mtandao wa nyumbani pekee, na seva itengewe anwani isiyobadilika kwenye ruta.