Ndizi ya mapumziko haimwokoi beki dakika ya 80

DAKIKA ya 80, jua la saa 10 jioni bado linachoma. Beki anajirusha chini ameshika kigimbi, uso umemkunjamana. Mashabiki wa upande wa pili wanazomea, wanasema jamaa anapoteza muda. Mwenzake anamkimbilia, anamnyanyua mguu na kusukuma vidole kuelekea kwenye goti.

Jukwaani hakosekani mjuaji wa kumaliza kesi: “Huyu hajala ndizi.”

Kauli hiyo imezoeleka kuanzia ndondo za mtaani hadi mechi za Ligi Kuu. Inasemwa kwa sababu ndizi ina madini ya potasiamu, na potasiamu ni rafiki wa misuli. Hapo mjuaji yuko sahihi. Anapokosea ni kuifanya ndizi kuwa dawa ya haraka ya misuli kukaza.

KAZI YA POTASIAMU

Msuli hauwezi kujikunja bila amri kutoka kwenye mshipa wa fahamu, na amri hiyo husafiri kama umeme. Umeme wenyewe unatokana na madini mawili kupishana mlangoni mwa seli: sodiamu, iliyomo kwenye chumvi ya mezani, inaingia ndani, na potasiamu inatoka nje. Kisha seli inatumia nguvu kurudisha kila moja mahali pake, na mchezo unaanza upya.

Moyo nao ni msuli, unategemea mfumo huohuo. Ndiyo maana mwili unailinda potasiamu ya kwenye damu kwa ukali sana. Ikipungua mno au ikizidi mno, mapigo ya moyo yanavurugika.

HESABU YA JASHO

Kwenye joto kali, mchezaji anaweza kutoa jasho la lita moja hadi mbili kwa saa. Katika kila lita kuna wastani wa miligramu 200 hivi za potasiamu. Tuseme ametoka lita mbili hadi filimbi ya mwisho: amepoteza kama miligramu 400. Ndizi moja ya wastani ina takriban 420. Deni limelipwa.

Lakini mwili wa mtu mzima umebeba zaidi ya gramu 100 za potasiamu, karibu yote ikiwa ndani ya seli. Kupoteza miligramu 400 ni sawa na kuchota kikombe kwenye pipa. Haiwezi kuwa ndiyo iliyomwangusha beki.

Kinachotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu. Lita moja inaweza kubeba karibu gramu moja, na wengine hutoa zaidi ya hapo. Na sodiamu ndiyo ambayo ndizi haina kabisa, labda ukiipika na chumvi.

KWA NINI MISULI INAKAZA?

Martin Schwellnus, daktari wa michezo wa Afrika Kusini, aliwapima na wenzake wakimbiaji wa Two Oceans, mbio za kilomita 56 zinazofanyika Cape Town. Matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha waliokazwa na misuli na wasiokazwa hawakupishana kwa maana kwenye potasiamu ya damu, wala kwenye upungufu wa maji.

Maelezo ya Schwellnus ni uchovu. Msuli ukitumika kupita ulivyozoea, mishipa ya fahamu inayousimamia inachanganyikiwa: amri ya “jikunje” inakuwa kali, ya “legea” inafifia. Msuli unaganda. Wapo wataalamu wanaosema upungufu wa chumvi na maji nao unachangia kwa baadhi ya wachezaji, na mjadala huo haujafungwa. Ila potasiamu si mtuhumiwa mkuu.

Na hata ingekuwa, ndizi isingefika kwa wakati. Mtafiti wa Marekani, Kevin Miller, aliwapa ndizi watu waliotoka kufanya mazoezi, akapima damu zao. Potasiamu ilichukua kama saa nzima kupanda, tena kidogo tu. Kwa hiyo iliyoliwa mapumziko inafanya kazi watu wakiwa kwenye basi la kurudi nyumbani.

Yule mwenzake anayesukuma vidole ndiye daktari sahihi. Kuunyoosha msuli taratibu na kuupumzisha kunautuliza fasta kuliko tunda lolote. Dawa ya muda mrefu ni stamina: anayefanya mazoezi ya dakika 60 asitegemee miguu ya dakika 90.

SAHANI YA KILA SIKU

Hii haina maana ndizi itupwe. Inatia nguvu, ni rahisi kumeza na haipatikani kwa bei ya kutisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, kwani inasaidia kushusha shinikizo la damu. Ndizi moja haifikishi hata robo.

Kinachofikisha ni chakula cha kawaida: maharage, mchicha, viazi, parachichi, mtori. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina zaidi ya miligramu 800, karibu mara mbili ya ndizi. Ila anayechemsha mboga na kumwaga maji, anamwaga potasiamu nayo.

Wa kuangaliwa kwa makini ni mchezaji aliyeharisha au kutapika siku chache kabla ya mechi. Huyo anaweza kupungukiwa kweli, akaishiwa nguvu za misuli. Anahitaji daktari wa timu kabla ya jezi.

IKIZIDI NI HATARI

Kwenye maonyesho ya farasi Marekani, jina la Impressive halisahauliki. Farasi huyo aliyezaliwa mwaka 1969 alikuwa bingwa mwenye misuli ya kuvutia, akazaa watoto wengi. Kumbe aliwarithisha kasoro: wakila majani yenye potasiamu nyingi, misuli inatetemeka, wengine wanaanguka, wengine wanakufa.

Binadamu naye ana mpaka. Mwaka 2014 madaktari Marekani waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 42 aliyecheza tenisi juani, akanywa chupa nane za maji ya dafu, zaidi ya lita mbili na nusu. Alijikuta hospitali, potasiamu imepanda na mapigo ya moyo yamevurugika.

Dafu moja baada ya mechi halina shida kwa mwenye figo nzima, kwa sababu figo ndizo zinazotoa potasiamu ya ziada. Shida ni kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha kama enalapril, lisinopril na spironolactone, zinazoibakiza mwilini.

Ujumbe huu unawahusu zaidi maveterani wa mabonanza ya Jumapili. Wengi wameshavuka miaka 40, presha wanayo, wengine hawajawahi kupima figo. Kabla ya kubugia madafu matatu na mkungu wa ndizi kwa kuogopa kukazwa na misuli, wamuulize daktari anayewaandikia dawa. Na wapashe misuli moto vizuri kabla ya mechi, jambo ambalo wengi wao hulikwepa.