Lugha ya Shahidi na Lugha ya Habari: Mafunzo ya Uanahabari kwa Vijana wa Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Mafunzo ya uanahabari yatolewayo kwa vijana na asasi zisizo za kiserikali kwa kawaida hulenga mambo matatu: matumizi ya vifaa, utungaji wa habari na maadili ya kazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, lipo jambo la nne ambalo ndilo msingi wa hayo matatu. Jambo hilo ni uhamishaji wa maelezo kutoka Kinyambo, lugha ambayo wanakijiji wengi huitumia kueleza yaliyowapata, kwenda Kiswahili, lugha ambayo habari hutangazwa. Kwa kuwa kijana mwanafunzi huzijua lugha zote mbili, ni rahisi kudhani kwamba stadi hiyo anayo tayari. Tutajaribu kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi, na kwamba anayeumia kwayo ni yule aliyehojiwa.

2.0 Usuli

Kiswahili si mgeni Karagwe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme Rumanyika, na Speke alipofika huko mwaka 1861 alikuta njia ya misafara imekwisha kufunguliwa. Hata hivyo, Kinyambo kimebaki kuwa lugha ya nyumbani na ya shambani. Lugha hiyo imepata wataalamu wake: J. M. Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi yake mwaka 2005.

Aidha, jitihada za kuwapa wanavijiji habari zina historia ndefu. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kati ya mwaka 1968 na 1972, na mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho. Katika Karagwe yenyewe, asasi ya FADECO, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya maendeleo ya wakulima, ilianza kurusha matangazo ya redio ya jamii mwaka 2007. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe, ikawa wilaya mwaka 2012. Redio za jamii kwa jumla hutegemea sana vijana wa kujitolea, na wengi wao huanza kujifunza kazi ya habari humo humo kazini.

3.0 Masharti ya Sheria

Kijana huyo hufanya kazi katikati ya masharti mawili. Kwanza, kanuni za maudhui ya utangazaji huvitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa pale mamlaka husika inaporuhusu vinginevyo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, vipo vituo vinavyotangaza kwa Kinyankore, lugha iliyo jirani sana na Kinyambo. Hivyo basi, mzee wa Murongo anaweza kusikia habari za Mbarara katika lugha inayokaribiana na yake, lakini maneno yake mwenyewe hayana budi kutafsiriwa kabla ya kusikika Kayanga.

Pili, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi wa habari, na kanuni zake za mwaka 2017 zikataka mwandishi awe na angalau stashahada, zikitoa muda wa mpito wa miaka mitano. Ni dhahiri kwamba cheti cha mafunzo ya majuma machache hakiwezi kuchukua nafasi ya stashahada. Asasi inayomwacha mwanafunzi aamini kinyume cha hayo inamtia hatarini. Thamani ya mafunzo mafupi, kwa hiyo, lazima itafutwe katika kile ambacho mwenye stashahada kutoka kwingine huenda asiwe nacho, yaani ujuzi wa lugha ya shahidi.

4.0 Mifano ya Tatizo

4.1 Njeo

Kiambishi -ka- kipo katika Kiswahili na katika Kinyambo, lakini kazi zake ni tofauti. Katika Kiswahili huonyesha tendo linalofuata jingine, kama katika "alikuja, akaketi". Katika Kinyambo, kama ilivyo katika Kihaya na Kinyankore, huonyesha wakati uliopita wa mbali. Zaidi ya hayo, lugha hizo hutofautisha kwa viambishi jambo la zamani hizo na jambo la jana, ilhali -li- ya Kiswahili haibagui. Tuchukue mfano wa mwanakijiji anayesimulia jinsi mpaka wa shamba lake ulivyosogezwa. Kitenzi chake peke yake kinamwambia msikilizaji kwamba jambo hilo si la jana. Kijana akiandika "mpaka ulisogezwa" bila kuongeza lini, amefuta sehemu ya ushahidi, na katika mgogoro wa ardhi tarehe ni nusu ya kesi.

4.2 Msamiati

Neno butura hutumika Kagera kwa maana ya kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini, ili mkulima apate fedha za haraka. Serikali imekuwa ikikataza biashara hiyo. Kijana akitafsiri kwa kusema "mkulima aliuza kahawa mapema", kosa na dhiki vyote vimepotea. Akisema "alishiriki biashara haramu", dhiki imepotea na kosa limebaki. Akiliacha neno lilivyo, msikilizaji wa nje ya mkoa hataelewa. Njia iliyo bora ni kulitaja neno, kulifafanua kwa sentensi moja, kisha kumpa mkulima nafasi ya kueleza sababu yake, huku jina lake likihifadhiwa iwapo kutajwa kutamletea madhara.

4.3 Matamshi

Lugha kadhaa za kanda ya Maziwa Makuu hazitofautishi /r/ na /l/ kama Kiswahili kinavyofanya. Katika taarifa ya uchaguzi, tofauti kati ya "kura" na "kula" si suala la lafudhi tu, bali la maana. Suala hili linahitaji mazoezi, si kicheko.

5.0 Pendekezo

Tunapendekeza zoezi la tafsiri rejeshi liwe sehemu ya kila mafunzo ya aina hii. Mwanafunzi wa kwanza ahoji kwa Kinyambo na kurekodi, kisha aandike habari kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa pili, ambaye hakuyasikia mahojiano, airejeshe habari hiyo katika Kinyambo. Kisha aliyehojiwa asomewe na aulizwe kama hayo ndiyo aliyoyasema. Zoezi hili halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji muda, kinasa sauti na msamiati wa Rugemalira mezani. Faida yake ni kwamba huunganisha lugha na maadili: usahihi wa habari unapimwa na mwenye habari mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mafunzo ya uanahabari kwa vijana wa Karagwe na Kyerwa ni, kwa kiasi kikubwa, mafunzo ya tafsiri, na kwamba makosa ya njeo, msamiati na matamshi yanaweza kugeuza ushahidi wa mtu. Idara za Kiswahili zina deni hapa. Wanafunzi wetu wa uzamili huandika tasnifu kuhusu uathiriano wa lugha, lakini matokeo yake hayawafikii wakufunzi wa asasi hizi. Mwongozo mfupi wa Kinyambo na Kiswahili kwa watangazaji, ulioandaliwa pamoja na vijana wenyewe, ungekuwa mwanzo unaofaa wa kulilipa deni hilo.