Pampu ya maji ikivuja, usiizibe: ibadilishe pamoja na mkanda

DEREVA anayetoka mjini Homa Bay kuelekea Migori huanzia safari kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kisha hupanda hadi Rongo, ambako hushika barabara kuu inayopitia Awendo na Uriri.

Safari hiyo si ndefu sana. Hata hivyo, inatosha kuiua injini ya gari la kasi ambalo pampu yake ya maji inavuja.

Miongoni mwa magari ya aina hiyo, Subaru Impreza lina mashabiki wengi humu nchini. Sifa zake zilienea Colin McRae alipoliendesha na kushinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Wengi hulinunua likiwa limekwisha kutumika Japani.

Kazi ya pampu ni kuyasukuma maji yazunguke ndani ya injini na kurudi kwenye rejeta ili yapozwe. Mhimili wake umezingirwa na sili inayozuia maji yasipenye. Sili hiyo ikichakaa, maji hutiririka kupitia kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili mwenye gari aonywe mapema.

Katika magari mengi, pampu huzungushwa na mkanda ulio nje ya injini. Katika injini ya EJ20, iliyotumiwa kwenye Impreza nyingi za kasi, pampu imefichwa nyuma ya vifuniko vya plastiki na huzungushwa na mkanda wa taimingi, ule ule unaoongoza valvu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Beringi za pampu zikikwama, mkanda huruka meno au hukatika, na valvu hugongana na pistoni. Kilichoanza kama matone chini ya gari huishia injini nzima kufunguliwa.

Isitoshe, katika kimo cha Homa Bay, maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, wala si 100. Ni shinikizo linalodumishwa na kifuniko cha rejeta ambalo huyazuia yasichemke mapema. Mfumo unaovuja hupoteza shinikizo hilo wakati gari linapopanda mlima na kulihitaji zaidi.

Dalili

Dalili za kwanza ni maji kupungua kila siku, harufu tamu karibu na boneti, na matone upande wa mbele wa injini. Baadaye husikika mlio wa kukwaruza, na mshale wa joto hupanda.

Ni muhimu fundi ahakikishe kwamba tatizo si gasketi ya hedi. Mapovu yakiendelea kuchomoza kwenye tangi la maji injini ikinguruma, huenda gasketi ndiyo iliyoharibika, na pampu mpya haitasaidia.

Kazi yenyewe

Injini huachwa ipoe kabisa, kwani kufungua rejeta ikiwa moto kunaweza kumchoma mtu vibaya. Maji yenye kulanti hukingwa kwa beseni. Kulanti ni tamu lakini ni sumu, na ikimwagwa chini yaweza kumuua mbwa au mifugo.

Feni za rejeta, mikanda ya nje, puli na vifuniko huondolewa. Kabla ya kuutoa mkanda wa taimingi, fundi hulinganisha alama zote zilizowekwa kwenye injini. Akizipuuza, gari huenda lisiwake, au valvu zikapinda mara tu linapowashwa.

Pampu ikishatolewa, mahali ilipokaa husafishwa bila kukwaruzwa, kisha gasketi mpya huwekwa. Boliti hukazwa kwa zamu na kwa kiasi kilichoelekezwa, kwa kuwa zinaingia kwenye aluminiamu ambayo nyuzi zake huchunika upesi.

Mkanda ukirudishwa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuthibitisha kwamba alama zinalingana. Ndipo ufunguo wa gari huguswa.

Mwisho ni kuondoa hewa. Injini hii imelaza silinda zake pande mbili, na hewa hunaswa humo kwa urahisi. Mfumo hujazwa polepole, hita ikiwa imefunguliwa, mpaka mapovu yakome na feni ianze kuzunguka yenyewe.

Kubana matumizi

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa pampu hauzibiki. Dawa za kuzibia zinazomiminwa kwenye rejeta huweza kuziba mirija yake myembamba huku sili ikizidi kulika.

Wapo pia wanaonunua pampu pekee na kuurudisha mkanda wa zamani. Huo si uangalifu wa pesa. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kwa gari la mtumba kilomita zinazoonyeshwa huenda si za kweli. Kwa kuwa ufundi mwingi huishia katika kuufikia mkanda, ni afadhali kubadilisha pamoja pampu, mkanda, kikazio chake, roli zake na thamostati.

Aidha, maji ya ziwa au ya Mto Migori hayafai kutiwa kwenye rejeta. Tope na chumvi zake hukwaruza sili na kuacha ukoko ndani ya injini. Kinachofaa ni kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini, nusu kwa nusu.

Iwapo mshale wa joto utapanda njiani, dereva aegeshe gari pembeni na kuzima injini papo hapo. Kuvutwa hadi Rongo au Migori kuna gharama, lakini gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini nyingine.