Jino la Miaka Sita: Elimu ya Meno kwa Watoto wa Chekechea

Mtoto anayeingia darasa la awali akiwa na umri wa miaka minne au mitano huwa na meno 20 ya utotoni, yaani yale yanayoanza kuchomoza karibu na mwezi wa sita baada ya kuzaliwa na kukamilika afikapo takriban miaka mitatu. Katika kipindi hichohicho cha chekechea, au muda mfupi baada yake, huota jino jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui. Hilo ni gego la kwanza la ukubwani, ambalo hutokeza karibu na umri wa miaka sita nyuma ya magego yote ya utotoni, pasipo jino lolote kung'oka ili kulipisha, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni miongoni mwa yale yatakayong'oka baadaye. Lina mifereji inayonasa chakula, limekaa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki kwa urahisi, nalo linatarajiwa kumtumikia mwenyewe hadi uzeeni. Ndiyo maana elimu ya meno ikicheleweshwa hadi madarasa ya juu ya shule ya msingi huwakuta watoto wengi gego hilo likiwa limekwisha kutoboka.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Chanzo chake kinaeleweka vizuri: bakteria waishio katika ukoga, yaani utando laini unaonata juu ya meno na kando ya fizi, hutumia sukari iliyomo katika chakula na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha kidogokidogo madini ya tabaka gumu la nje la jino. Mate hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa hupunguza ukali wa asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea, lakini huhitaji nusu saa au zaidi kila baada ya mlo. Kwa hiyo, pamoja na wingi wa sukari, kinachoamua hatima ya jino ni mara ngapi kwa siku sukari hiyo huingia kinywani na muda inaokaa humo. Mtoto anayekula kipande cha kashata mara moja na kunywa maji huyaumiza meno yake kidogo kuliko mwenzake anayemumunya ubuyu wa rangi tangu mapumziko hadi saa ya kurudi nyumbani, hasa ikizingatiwa kwamba ubuyu una uchachu wake wa asili hata kabla ya kupakwa sukari.

Ipo hoja isikikayo mara nyingi, kwamba meno ya utotoni hayastahili kuhangaikiwa kwa sababu yatang'oka yenyewe. Magego ya utotoni, hata hivyo, hukaa kinywani hadi mtoto afikapo miaka kumi au kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote ndiyo yanayotafuna chakula na kuyahifadhia nafasi meno yatakayofuata. Yakitolewa mapema, meno ya jirani huegemea kwenye pengo, na jino la ukubwani hulazimika kuota kombo.

Kuyajua hayo ni jambo moja, na kumfundisha mtoto wa miaka minne ni jambo jingine kabisa. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza kwamba mtoto aliye kati ya miaka miwili na saba hufikiri zaidi kupitia vitu anavyoviona na kuvigusa, na huona vigumu kufuata mlolongo wa sababu zisizoonekana. Kumwambia kwamba asipopiga mswaki meno yake yataoza atakapofika darasa la tatu ni kumsimulia habari za ulimwengu asioufahamu. Picha za wadudu wakali wanaobomoa jino kwa sururu, ambazo hubandikwa kwa nia njema ukutani, humtia hofu bila kumwonyesha la kufanya, na si ajabu mtoto akakataa kufumbua kinywa kwa kuamini kwamba wadudu hao wamo ndani na watatolewa.

Njia iliyo bora huanzia kwenye ulimi wa mtoto mwenyewe. Mwalimu huwaelekeza watoto, mara wamalizapo kula biskuti, wapitishe ulimi juu ya meno na waseme wanahisi nini. Kila mmoja hutoa neno lake, kama vile kunata, kukwaruza au utelezi. Baada ya kupiga mswaki hurudia zoezi hilo, na tofauti waihisiyo huwa ndiyo fundisho lenyewe, tena fundisho wanaloweza kulirudia nyumbani bila kitabu wala mwalimu. Jaribio la kuloweka yai katika siki, ambalo ganda lake hutoa mapovu na kuyeyuka kwa muda wa siku moja au mbili, lina nafasi yake pia, ingawa madini ya ganda hilo si yaleyale ya jino, na huenda mtoto mdogo akatoka darasani akiwa amejifunza zaidi kuhusu mayai.

Kilichothibitika kuleta matokeo ni tendo linalorudiwa kila siku. Nchini Uskoti, mpango wa taifa uitwao Childsmile huwawezesha watoto wa shule za awali kupiga mswaki kila siku shuleni chini ya uangalizi wa watu wazima, na kuoza kwa meno miongoni mwa watoto wa huko kumepungua sana. Huenda mwalimu wa shule isiyo na bomba la maji akaona kwamba utaratibu huo ni wa nchi tajiri, lakini mahitaji yake ni machache: mswaki wa kila mtoto, uliotiwa alama ya mchoro kama samaki au jua kwa kuwa mwenyewe hajui kusoma, mahali pa kuisimamisha miswaki ikauke bila kugusana, na dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Maji yanayohitajika ni ya kusafishia mswaki tu, kwa sababu baada ya kupiga mswaki inatosha mtoto ateme povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno na kuyaimarisha. Kipimo cha dawa kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ni ukubwa wa punje ya njegere, na kwa aliye chini ya hapo ni ukubwa wa punje ya mchele, ingawa matangazo ya biashara hupenda kuonyesha mswaki uliojazwa dawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mswaki wa mti, unaotumika sana Pwani, husafisha vizuri ukitumiwa na mkono uliozoea, lakini kwa mtoto wa umri huu si rahisi kuufikisha kwenye magego ya nyuma.

Hata hivyo, mikono ya mtoto haina ustadi wa kutosha kuyasafisha meno yote peke yake hadi afikapo miaka saba au minane. Hivyo mwanafunzi wa pili wa somo hili ni mzazi au mlezi, ambaye hupaswa kusimama nyuma ya mtoto, kukiegemeza kichwa chake kifuani, na kumalizia kazi ambayo mtoto ameianza, hasa usiku kabla ya kulala, wakati mate hupungua kinywani.

Afrika Mashariki ina mambo mawili ambayo vitabu vya ng'ambo havimwandai mwalimu kuyakabili. La kwanza ni floraidi kuzidi katika maji ya maeneo ya Bonde la Ufa, kama vile Arusha na Nakuru, ambako baadhi ya visima na chemchemi huvuka kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi iliyozidi hudhuru jino linapokuwa bado linaumbika ndani ya taya, kwa hiyo mtoto mwenye meno meupe ya utotoni aweza kuota meno ya mbele ya ukubwani yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala hayaondoki kwa mswaki, na mwalimu anayemkemea mtoto kwa sababu yake humwonea.

La pili ni imani ya meno ya plastiki, inayodai kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana meno mabaya ndani ya fizi yanayopasa kuchimbuliwa. Kinachotolewa huwa ni chonge ya kawaida ambayo haijakomaa, nyeupe na laini, na jeraha hilo huweza kumletea mtoto maambukizo na kuharibu chonge ya ukubwani iliyo karibu. Dalili yake chekechea ni pengo mahali pa chonge, na mkutano wa wazazi ni mahali panapofaa kulizungumzia kabla mdogo wake hajafanyiwa vivyo hivyo.

Kuhusu kliniki, ni bora mtoto afike huko mara ya kwanza akiwa hana maumivu yoyote, kwani anayepelekwa shavu likiwa limevimba hukutana moja kwa moja na koleo. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa nchini Tanzania njia ya kuziba meno bila mashine, ambayo kwayo mtaalamu hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino, na siku hizi hutumika katika nchi nyingi. Njia hiyo hufaa maadamu uozo haujafika kwenye kiini, yaani sehemu ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Ukishafika huko, katika zahanati nyingi huduma inayobaki ni kung'oa.